Hakukuwa na Myahudi Sebuleni

Jumapili ya pili ya mwezi, mwendo wa saa tisa alasiri, nilikuwa nimeketi sebuleni kwa Mama Brayo huku Free Area, Nakuru, nimepakata sanduku la chama chetu cha akina mama. Ni sanduku la bati lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mwanamke wake. Mimi kama katibu nilikuwa nimeshafungua kufuli yangu, mweka hazina amefungua yake. Tulikuwa tunamngoja mwenye ufunguo wa tatu amalize kulia.

Huyo nitamwita Fundi, maana kazi yake ni kushona nguo, na jina lake si la kuanikwa hapa. Mtoto wake alipolazwa alikopa shilingi 20,000 kwa mtu wa mtaani, riba asilimia 30 kwa mwezi, akamwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri kama wanavyodai siku hizi. Mwezi ukaisha hana kitu. 20,000 ikawa 26,000, halafu 33,800, halafu 43,940. Nilizipiga hesabu hizo kwenye simu mara mbili kwa kutoamini. Wiki hiyo vijana wawili walikuja na pikapu wakabeba cherehani. Ile ya kukanyaga, nyeusi, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita. Aliirithi kwa mamake.

“Mashailoki hawana roho,” mmoja wetu akasema, kwa jina tunalowapa wakopeshaji wa riba.

“Hao ni Wayahudi kabisa,” Mama Brayo akaitikia huku akimimina chai. “Mnadhani Hitler aliwafanyia vile bure? Alijua anachofanya.”

Tulicheka. Hakikuwa kicheko cha kumcheka mtu. Kilikuwa kile cha kumpunguzia mwenzako uchungu. Fundi mwenyewe alitabasamu, akapangusa macho kwa ncha ya leso, akatoa ufunguo kwenye pochi.

Na mimi nilicheka.

## Kalamu ilipokwama

Usiku huo niliketi kuandika kumbukumbu za kikao. Huwa naziandika kwa mkono, kwenye daftari lenye jalada gumu, kabla ya mambo ya siku kunitoka. Nikaandika mahudhurio, michango, faini za waliochelewa. Nikafika kwa Fundi: “Mwanachama alinyang’anywa cherehani na…”

Na nani?

Sote tulimjua. Si Myahudi. Ni baba wa watu hapa hapa mtaani, ana ploti mbili za kupangisha, kanisani huketi safu ya mbele, na tulipochangisha pesa za vyombo vya muziki mchango wake ndio uliopigiwa makofi mengi. Katika saa mbili tulizokaa na machozi ya Fundi, hakuna aliyelitaja jina lake. Tulimtaja Hitler. Tuliwataja Wayahudi. Yeye hatukumtaja.

Niliandika “shailoki”, nikafunga daftari.

Lakini jambo halikufungika. Nikiwa kazini linanijia, nikichambua mboga linanijia. Ningesoma ujumbe wa simu kwamba “shailoki” fulani kamfungia mtu duka, nikajikuta nimesimama tu. Wiki tatu. Mwishowe nilienda kwenye sanduku la vitabu la marehemu babangu, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili, nikatoa kitabu nilichojua kimo mle.

## Alama ya penseli

Ni *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka wa 1969. Wengi mnaijua hadithi: Myahudi mkopeshaji, deni, na ratili ya nyama ya mwili kama dhamana. Ndiko lilikotoka jina tunalowapa wakopeshaji wetu. Ni jina la mtu, la mhusika mmoja wa Shakespeare, ambalo sisi Wakenya tumelifanya jina la kazi mpaka magazeti yanaliandika bila kusita.

Nilichokuwa sijawahi kukitilia maanani ni miaka. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka wa 1290 kwa amri ya mfalme Edward wa Kwanza. Hawakuanza kuruhusiwa kurudi na kuishi waziwazi hadi 1656. Tamthilia hii iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1590. Yaani waliokwenda kumcheka yule mzee jukwaani walikuwa wametenganishwa na Wayahudi kwa miaka 300. Wachache waliokuwepo London waliificha dini yao. Watu walimcheka jirani ambaye hawakuwahi kuwa naye.

Hakukuwa na Myahudi ukumbini, kama ambavyo hakukuwa na Myahudi sebuleni kwa Mama Brayo.

Na kwa nini Myahudi awe ndiye mkopeshaji? Kwa sababu sehemu nyingi za Ulaya ya Kikristo zilimkataza kumiliki shamba, vyama vya mafundi vikamfungia mlango, na wakati huo huo kanisa likamkataza Mkristo kukopesha kwa riba. Ukibakiziwa mlango mmoja utapitia huo huo. Wafalme waliwatumia wakopeshaji hao kama ng’ombe wa kukamuliwa, na wananchi wakimaliza kukamuliwa na mfalme, hasira zinamshukia Myahudi. Wala si wakopeshaji wote walikuwa Wayahudi, wala si Wayahudi wote walikuwa wakopeshaji. Huko Ulaya ya mashariki, karne kwa karne, Wayahudi wengi walikuwa watu wa hali ya chini: wachuuzi, washona viatu, na mafundi wa nguo.

Mafundi wa nguo. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya, maana picha iliyonijia ilikuwa ya cherehani.

Nilipokifungua tena niliona alama ya penseli. Baba alikuwa na tabia ya kupiga mstari pembeni mwa maneno yaliyomgusa, na katika kitabu kizima alikuwa amepiga mstari mmoja tu. Upo pale mahakamani, Myahudi anapowaambia wakubwa wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda na mbwa, na ukiwaambia wawaachilie watakujibu kwamba ni mali yao. Mbele ya watu waliojaa huruma ya maneno, ndiye anayeutaja utumwa kwa jina lake.

Sijui baba alifikiria nini alipopiga mstari ule. Mimi nilifikiria jina la kitabu. Mwalimu hakuandika “Myahudi wa Venisi”, wala “mfanyabiashara” kama lilivyo jina la Kiingereza. Aliandika mabepari, kwa wingi, na mimi nalisoma jina hilo kama kidole kinachozunguka chumba kizima.

Kuna jambo jingine lazima nilitaje. Mwaka wa 1943 tamthilia hii iliigizwa Vienna, chini ya utawala wa Manazi, Shailoki akifanywa kinyago cha kuchukiza. Wakati huo Wayahudi wa Vienna walikuwa karibu wameisha: waliowahi kukimbia walikimbia, wengine walipakiwa kwenye treni. Na bado Shailoki aliletwa jukwaani adhihakiwe.

## 1903

Wengine watasema, hayo ni ya Wazungu. Basi tuje karibu.

Aprili 1903, huko Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi, umati uliwavamia Wayahudi kwa siku mbili kuanzia Jumapili ya Pasaka. Waliuawa 49, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Chanzo kilikuwa mtoto mmoja wa Kikristo aliyekutwa ameuawa katika mji wa jirani. Gazeti la mahali likaeneza uvumi kwamba Wayahudi wamemchinja ili wapate damu ya ibada. Uvumi wa damu ni wa kale, ulishaua watu Ulaya tangu zama za kati. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kwamba mtoto yule aliuawa na jamaa yake mwenyewe.

Naomba msome sentensi hiyo mara ya pili. Jamaa yake mwenyewe.

Miezi michache baadaye, mtu yule yule aliyemiliki lile gazeti la Kishinev, Pavel Krushevan, alichapisha katika gazeti lake jingine la St. Petersburg maandishi yanayodai kuwa siri za wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia. Mwaka wa 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, kifungu kwa kifungu, kwamba sehemu kubwa ya maandishi hayo iliibwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864 kilichokuwa kinamshambulia Napoleon wa Tatu, kitabu ambacho hakikuwataja Wayahudi kabisa. Uongo ulifichuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwezi wa Machi mimi nilitumiwa mjukuu wake kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: familia moja ya Kiyahudi inamiliki benki zote za dunia, tuma kwa watu kumi. Aliyeutuma ni mjomba wangu, mtu ninayemheshimu, na niliupita bila neno.

Sasa, Agosti ya mwaka ule ule wa 1903, wajumbe wa Wayahudi walikutana Basel, Uswisi, wakaletewa pendekezo la serikali ya Uingereza: Wayahudi wanaouawa Urusi wapewe mahali pa kukimbilia Afrika Mashariki. Watu huuita mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyotajwa ni Uasin Gishu. Ni ile nyanda unayoikata ukitoka Burnt Forest kwenda Eldoret. Wajumbe 295 walikubali tume ije kuitazama, 178 wakakataa, na wengine walitoka ukumbini wakilia. Tume ilikuja, na mwaka wa 1905 mpango ukakataliwa. Walowezi wa Kizungu huku walikuwa wameshapiga kelele kwamba hawawataki Wayahudi, wakiongozwa na Lord Delamere. Wenyeji wa nyanda ile, Wanandi na Wamaasai, hawakuulizwa na yeyote. Uingereza ilikuwa inagawa ya wenyewe, na hilo sitalifunika.

Lakini nimeipita njia ile mara ngapi nikienda Eldoret kwa matatu, nikasikia abiria akisema Wayahudi hivi, Wayahudi vile, bila mmoja wetu kujua kwamba mashamba yale ya ngano dirishani yaliwahi kujadiliwa kama kimbilio la watu waliotoka kuchinjwa kwa sababu ya uvumi?

Na baadhi walikuja, ingawa si kwa mpango ule. Miaka ya 1930, Hitler alipoanza kuwabana, familia chache zilizobahatika kupata kibali ziliishia kwenye mashamba ya huku kwetu, Rongai, Ol Joro Orok, na watoto wao wakasoma shule ya bweni Nakuru. Waliobaki nyuma wengi wao hawakuonekana tena. Ujerumani, Wayahudi hawakufika hata asilimia moja ya watu wote mwaka wa 1933. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, Wayahudi milioni sita wa Ulaya walikuwa wameuawa, na kati yao watoto wapatao milioni moja na nusu.

Hilo ndilo “vile” la Mama Brayo. Hitler aliwafanyia *vile*.

## Bendera kando ya televisheni

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu Mama Brayo si mtu mbaya. Ni rafiki yangu wa miaka 20. Tena anawapenda Wayahudi, kwa anavyojua yeye. Kando ya televisheni yake pana bendera ndogo ya Israeli, na kwenye kabati kichupa cha mafuta kilicholetwa na mchungaji aliyekwenda Yerusalemu. Kila Jumatano anaombea taifa teule.

Kinywa kimoja. Taifa teule Jumatano, Hitler alijua anachofanya Jumapili.

Nilipolitafakari niliona si kinywa chake peke yake. Sisi tunaokwenda kanisani tumemfanya Myahudi kila kitu isipokuwa mtu. Akiwa Musa tunamwimbia. Akiwa Farisayo ni tusi, na tunalirushiana hilo tusi wenyewe kwa wenyewe bila kukumbuka kwamba Mafarisayo walikuwa walimu ambao dini ya Wayahudi ya leo imejengwa juu ya mafundisho yao. Nimekaa chini ya mimbari nikasikia “Wayahudi walimuua Yesu” mara zisizohesabika, ilhali msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi, na Kanisa Katoliki lilitamka rasmi tangu Oktoba 1965 kwamba lawama ya kifo kile haiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Hata sifa zetu zina sumu ndani. “Wayahudi wana akili ya pesa.” Anayesema hivyo anadhani anasifu. Nguo ni ile ile, imegeuzwa tu upande wa ndani nje.

Na Wayahudi wa kweli hawako mbali kama tunavyofikiri. Ukivuka Malaba ukaingia Uganda, ukaenda Mbale, utawakuta Abayudaya, Waafrika wanaoshika Sabato tangu mkuu wa kijeshi Semei Kakungulu alipowaongoza katika imani hiyo mwaka wa 1919; Idi Amin alipiga marufuku ibada zao, nao wakasali mafichoni. Kasuku, hapo Nyandarua, kuna jamii ndogo ya wakulima wanaosali Kiyahudi. Nairobi sinagogi lipo katikati ya jiji. Mmoja wao angeweza kuwa ndani ya matatu ile.

## “Na Gaza?”

Nilijiuliza swali hili kabla sijaulizwa. Tangu Oktoba 7, 2023 nimetazama picha ambazo sitazisahau: za Waisraeli waliochinjwa na kutekwa siku ile, na za watoto wa Gaza wanaofukuliwa kwenye vifusi miezi na miezi baadaye. Nikiwatetea Wayahudi, je, nawasaliti watoto hao? Tena Wayahudi wana nchi yao, wana jeshi. Wanahitaji nini kwa katibu wa chama cha akina mama Nakuru?

Aliyenisaidia hapa ni Mama Salma, Mwislamu pekee katika chama chetu. Siku ile ya kicheko alikuwepo, na nilikumbuka kwamba hakucheka, ingawa sikujua kwa nini. Nilimwendea nikidhani yeye ndiye atakayenipinga kuliko wote.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisuka ukili. Kisha akasema: “Mimi nawalilia watoto wa Gaza kila usiku, na serikali ya Israeli nitaishutumu mbele ya yeyote. Lakini magaidi waliposhambulia Westgate, Nairobi, dadangu, mlituangaliaje?”

Sikuwa na jibu.

“Mwaka wa 2013 watu 67 waliuawa pale, na mimi nilikuwa hapa hapa nauza mahamri. Kesho yake mteja akaniuliza, ‘Mbona nyinyi mnaua watu?’ *Nyinyi.* Mwaka uliofuata polisi waliwakusanya watu wetu Eastleigh, wakawapeleka uwanjani Kasarani. Basi mimi neno hilo ‘nyinyi’ nalijua ladha yake. Simtilii mwingine kwenye sahani.”

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Serikali ina wakubwa wake, ina majina, ina maamuzi ya kujibiwa. Mpinge waziri mkuu, mpinge jenerali, andamana. Lakini ukitoka hapo ukamkamata Myahudi yeyote popote, umeacha kudai haki. Na chuki hiyo haichagui vizuri inapolipuka. Novemba 2002, Kikambala, waliolenga hoteli ya Mwisraeli waliua watu 13. Watatu walikuwa Waisraeli. Kumi walikuwa Wakenya, miongoni mwao wachezaji ngoma waliotoka kuwakaribisha wageni.

## Makosa yangu ya kwanza

Nilianza vibaya. Niliandika ujumbe mrefu kwenye kikundi cha chama, na tarehe zote hizi ndani yake, saa nne usiku. Wawili walijibu kwa alama ya dole gumba. Mmoja akaandika “Amen”. Asubuhi mwenyekiti akauliza nani ataleta maziwa Jumapili. Mama Brayo hakuandika chochote, na kwa siku nne hakupokea simu zangu. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu 18 badala ya kwenda kuketi naye.

Mtu ukimhubiria hadharani anatafuta njia ya kujikinga, haoni njia ya kurudi. Hilo nilipaswa kulijua.

Siku ya tano nilienda kwake bila kupiga simu. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikavuta kigoda, nikashika sinia upande wangu. Tulichambua kwa muda mrefu. Kisha nikamuuliza swali moja tu:

“Mama Brayo, siku ile uliposema Hitler alijua anachofanya, ulimaanisha nini?”

“Ah, ni msemo tu.”

Nikanyamaza. Hapo ndipo pagumu, kunyamaza baada ya kuuliza, kwa sababu moyo unataka kumwokoa mtu kwa kucheka naye. Sikucheka. Akatupa kokoto moja, akatupa ya pili.

“Kwani wewe ulidhani mimi nafurahia watu kuuawa?”

“La. Ndiyo maana nimekuja. Nakumbuka langoni.”

## Langoni

Kuna watu wanaosoma hapa ambao Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, walikuwa Nakuru. Kwenu sitaeleza mengi. Tulikuwa tunaishi ploti moja Kaptembwo, mimi na Mama Brayo, na mimi nilikuwa wa kabila lililokuwa likitafutwa upande ule. Mwanangu Neema alikuwa na miezi saba, ana homa. Vijana walikuja langoni na mapanga, wakauliza, “Madoadoa wako wapi?”

Neno lile hatukulisikia mara ya kwanza siku hiyo. Tulilisikia miezi mingi kabla, sokoni, kwenye matatu, kama utani. Madoadoa, uchafu wa kutakaswa. Tulicheka, hata sisi tuliokuwa doa lenyewe, kwa sababu anayekasirikia utani anaonekana hana ucheshi. Nchi hii ilizika zaidi ya watu 1,100. Mwaka wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi, neno lile bado lilikuwemo.

Mama Brayo alitoka na ndoo ya maji mkononi, alikuwa anaosha nepi. Nilimsikia nikiwa chini ya kitanda. Alisema: “Hapa hakuna madoadoa. Hapa kuna Mama Neema, na mtoto wake ana homa. Nani kati yenu anataka kuingia kwa mtoto mgonjwa? Wewe? Mamako namjua.”

Akawataja, mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao. Wakaondoka. Kesho yake akatusindikiza hadi uwanja wa maonyesho, kambini.

Hayo nilimkumbusha juu ya sinia la maharagwe. Alikaa kimya mpaka sufuria iliyokuwa jikoni ikachemka ikafurika, akaenda kuipunguzia moto, akarudi akiwa amejipangusa uso.

“Sikuwahi kuyaweka mahali pamoja,” alisema. “Hao wako mbali. Wewe ulikuwa chini ya kitanda changu.”

Nilimwambia kwamba huko Ulaya pia walikuwepo waliowaweka Wayahudi chini ya vitanda vyao, darini, ghalani. Wengi zaidi walinyamaza, na wengi wa walionyamaza hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamesikia utani ule miaka mingi.

Ndiyo ninayowaomba nyinyi mnaosoma. Si kwenda Nairobi kuandamana. Ni siku utakapokuwa kwenye matatu ya Kisumu, au kwenye foleni ya kuchota maji, au chini ya mimbari, na mtu aseme “Myahudi” akimaanisha mchoyo, au amsifu Hitler: usicheke. Hata kutocheka kunasikika. Na ukiweza, muulize taratibu amemaanisha nini, umwachie nafasi ya kutafuta jibu. Ujumbe wa uongo ukiingia kwenye kikundi cha familia, mpigie simu aliyeutuma badala ya kumjibu mbele ya wote. Mimi nilimpigia mjomba. Hatukuelewana siku hiyo, ila tangu wakati huo hajatuma mwingine, na juzi aliniuliza Kishinev iko wapi.

## Daftari

Jumapili iliyofuata nilisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, kama ada. Nilipofika kwa Fundi niliwaambia nimefanya sahihisho. Nilikuwa nimekata neno “shailoki” kwa mstari mmoja, na juu yake nimeandika majina matatu ya yule baba, yote, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Nilipoyasoma kwa sauti chumba kilinyamaza. Mweka hazina alitazama mlango. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo mtu ni mzee wa kanisa. Mama Salma akasema, “Ndiyo, na amekula riba asilimia 30.” Tukaanza kuulizana ni nani mwingine anadaiwa naye. Wawili wakainua mikono. Miezi yote hiyo walikuwa wamekaa nasi, wanachanga, wananyamaza.

Jumamosi tulikwenda kwake, wanawake sita. Alitufungulia lango mwenyewe, akasema karibuni akina mama. Mama Brayo hakumwita shailoki, wala hakumwita kitu kingine chochote. Alimwita jina lake la kwanza na la pili, akamtajia kadi ya Fundi, tarehe ya mkopo, na pesa zilizokwisha kulipwa.

Cherehani ilikuwa imeshauzwa. Fundi aliinamisha kichwa, na mimi nilimshika mkono. Yule baba aliingia ndani, akakaa kitambo, akarudi na kadi. Aliichomoa kutoka kwenye fungu lililofungwa kwa mpira, fungu nene la kadi za benki za kila rangi, akamkabidhi Fundi, akaanza kulirudisha fungu mfukoni.

Mama Brayo alinyoosha kidole.

“Hizo nyingine,” akasema, “ni za nani?”